Habari za Pestalozzi, Rafiki wa Watoto Wazito wa Kujifunza

1. Utoto wake

Katika nchi ya Uswisi, iliyo katikati ya bara la Ulaya, kuna milima mirefu yenye theluji, na maziwa mengi, na mji mkubwa uitwao Zürich. Katika mji huo alizaliwa Johann Heinrich Pestalozzi, tarehe 12 Januari mwaka wa 1746. Baba yake alikuwa mganga wa kupasua. Hakuwa tajiri, wala hakuishi siku nyingi, kwa maana alikufa mwaka wa 1751, Heinrich alipokuwa na umri wa miaka mitano tu. Akaacha mjane na watoto watatu wadogo.

Katika nyumba ile alikuwamo mtumishi wa kike, jina lake Barbara, naye watu wa nyumbani walimwita Babeli. Baba alipokuwa karibu kufa alimwita msichana huyu, akamsihi asimwache mama na watoto katika taabu zao. Babeli akaahidi, wala hakuivunja ahadi yake. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, alikwenda sokoni saa za mwisho, wakati wauza mboga walipotaka kurudi makwao, ili apate kununua kwa bei ndogo. Watoto nao aliwazuia wasitoke kucheza njiani, ili viatu na nguo zao zisichakae upesi. Basi Heinrich akakua ndani ya nyumba, akilelewa na wanawake wawili waliompenda sana. Lakini hakujifunza kukimbia, wala kuruka, wala kushindana na wavulana wa rika lake.

Kwa sababu hiyo, alipopelekwa shuleni alikuwa kama mgeni aliyefika katika nchi asiyoijua desturi yake. Katika michezo alikuwa wa mwisho. Nguo zake hazikukaa sawasawa. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na kupanga herufi za maneno kulimshinda. Mara nyingi mwalimu alipokuwa akifundisha, mwili wa Heinrich ulikuwapo bengini, lakini mawazo yake yalikuwa yamekwenda mbali. Ajabu ni kwamba maana ya somo aliweza kuishika upesi, pengine kuliko wenziwe. Lakini kuliandika vizuri, au kulisema kwa taratibu kama lilivyosemwa na mwalimu, hakuweza. Walimu hawakumtazamia jambo kubwa. Wavulana wenziwe wakamcheka, wakampa jina la dhihaka, ambalo maana yake ni kama kusema Mtu wa Ajabu kutoka Mji wa Wapumbavu.

Hata mwaka wa 1755 kukawa na tetemeko la nchi. Jengo la shule likatikisika, na watu wote wakashuka mbio, hata walimu nao wakawapita watoto ngazini kwa hofu. Walipokwisha kufika nje, wakakumbuka kwamba kofia na vitabu vimebaki juu, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kupanda tena. Ndipo yule mvulana wa kuchekwa alipopanda peke yake, akawaletea vitu vyao. Siku ile wenziwe waliona kwamba mtu mzito katika jambo moja aweza kuwa hodari katika jingine.

Babu yake alikuwa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg, karibu na Zürich. Heinrich alikwenda kukaa kwake mara kwa mara, na yule mzee akamchukua katika matembezi yake kwa wagonjwa, na maskini, na katika shule ya kijiji. Huko kijana aliona watoto wa maskini, wenye afya na furaha walipokuwa wadogo, wakipoteza nguvu na uchangamfu baada ya kutiwa kazini wangali watoto. Aliyaweka mambo hayo moyoni, wala hakuyasahau.

2. Mtoto wake Jakob

Heinrich alipokuwa mtu mzima alifikiri kwanza kuwa mchungaji kama babu yake, kisha akasoma sheria, na mwisho akachagua kulima, kwa kuwa aliona kwamba kwa njia ya kilimo ataweza kukaa karibu na maskini na kuwasaidia. Mwaka wa 1769 akamwoa Anna Schulthess, mwanamke mwenye elimu na moyo wa subira, aliyemzidi umri kwa miaka minane. Wazazi wa Anna hawakupenda ndoa ile, kwa kuwa kijana hakuwa na mali. Wakanunua ardhi karibu na kijiji cha Birr, wakajenga nyumba, wakaiita Neuhof, maana yake Shamba Jipya. Wakapanda mimea ya kutolea rangi nyekundu ya nguo. Lakini ardhi ilikuwa mbaya, na Pestalozzi hakuwa hodari wa biashara. Shamba likawatia katika deni.

Mwaka wa 1770 walipata mtoto wa kiume. Wakamwita Jakob, kwa kufuata jina la Jean-Jacques Rousseau, mwandishi mkubwa aliyefundisha kwamba mtoto aachwe akue kwa uhuru kama mti mwituni. Huyu alikuwa mtoto wao wa pekee. Pestalozzi alimpenda sana, akataka kumfundisha mwenyewe. Na mwaka wa 1774, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka minne, akaanza kuandika katika daftari habari za masomo yao.

Katika daftari lile baba hakujificha. Aliandika jinsi alivyomfundisha mtoto majina ya hesabu, na maneno ya Kilatini, na jinsi alivyomlazimisha kukaa wakati mtoto alipotaka kucheza. Jakob akajifunza kuyataja majina ya hesabu moja baada ya moja. Lakini siku moja baba akatambua kwamba mtoto ataja maneno tu. Hajui hesabu zenyewe ni nini. Ni kama mtu aliyepewa kibuyu kitupu akafikiri amepewa maji. Pestalozzi akajilaumu sana kwa kumpa mtoto maneno pasipo kumpa maana yake.

Baadaye akajaribu njia nyingine, akamwacha Jakob akue kwa uhuru pasipo masomo ya kitabu. Njia hii nayo haikumfaa mtoto huyu. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja hakuweza kusoma wala kuandika sawasawa. Tena mwili wake ulikuwa dhaifu, akashikwa na ugonjwa wa kifafa. Jakob alikua, akaoa, akazaa mtoto; lakini alikufa mwaka wa 1801, akiwa na umri wa miaka 31 tu. Huzuni hiyo Pestalozzi aliichukua mpaka kaburini. Alikuwa amejua kwa uchungu kwamba mtoto hasaidiwi kwa kusukumwa, wala hasaidiwi kwa kuachwa tu. Sharti kwanza mwalimu amtazame mtoto huyo mwenyewe, apate kujua ni mtu wa namna gani, na amefika wapi. Ndipo aanze naye hapo.

3. Watoto maskini wa Neuhof

Mwaka ule ule wa 1774, ingawa yeye mwenyewe alikuwa maskini, Pestalozzi alifungua nyumba yake kwa watoto waliokuwa wakiombaomba njiani. Wakafika kama ishirini, na baadaye wakazidi thelathini. Akawavika nguo, akawalisha, akawafundisha kazi. Wakati wa joto walilima shambani. Wakati wa baridi walisokota nyuzi za pamba na kufuma nguo. Mikono yao ilipokuwa kazini, aliwafundisha kusema vizuri, na kusoma, na kuhesabu.

Kati ya watoto hao walikuwamo wengine ambao akili zao zilikuwa dhaifu sana. Siku zile watoto wa namna hiyo mara nyingi walifungiwa, au waliachwa wazurure, na watu waliwadhania kuwa hawafai kitu. Pestalozzi alipotoa habari za shule yake mwaka wa 1778, alimwandika kila mtoto kwa jina lake, na tabia yake, na mambo anayoyaweza. Akaeleza kwamba hata mtoto mwenye akili dhaifu sana, akiongozwa kwa upendo, aweza kufundishwa kazi iliyo sawa na nguvu zake, akaishi kwa jasho lake pasipo kufungwa. Katika karne ile ni watu wachache waliosema maneno kama hayo.

Lakini nyumba yake haikudumu. Wazazi wengine waliwaleta watoto wao, na walipoona wamevikwa nguo mpya, wakawachukua usiku. Kazi ya mikono ya watoto haikuleta fedha za kutosha, na deni likazidi. Mwaka wa 1780 ikambidi Pestalozzi aifunge shule ile. Majirani wakamcheka, kama walivyomcheka wavulana zamani. Kwa miaka kumi na minane hakuwa na shule. Akaandika vitabu. Kimoja, kilichotokea mwaka wa 1781, kilieleza habari za mwanamke wa kijijini aitwaye Gertrud, aliyewalea watoto wake kwa busara. Kitabu hicho kikamfanya ajulikane katika nchi nyingi. Lakini yeye mwenyewe alitamani kukaa tena kati ya watoto.

4. Mayatima wa Stans

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1798 majeshi ya Wafaransa yaliingia katika wilaya ya Nidwalden, kwa sababu watu wa huko walikataa kuitii serikali mpya ya Uswisi. Mamia ya watu waliuawa, hata wanawake na watoto, na nyumba nyingi zikachomwa moto. Katika mji wa Stans walibaki mayatima wengi wasio na mtu wa kuwatunza. Serikali ikatafuta mtu wa kuwalea, na Pestalozzi akajitoa. Alikuwa na umri wa miaka 52, na afya yake haikuwa njema.

Wakampa sehemu ya nyumba ya watawa, ambayo matengenezo yake yalikuwa hayajakwisha. Mwezi wa Januari mwaka wa 1799 watoto wakaanza kuja, hata wakawa karibu themanini. Wengi walikuwa na upele na vidonda vichwani, na chawa katika nguo zao. Wengine walikuwa wamekonda kama mifupa mitupu. Wengine walikuwa wakali, na wengine waliogopa kila mtu. Katika kumi ni shida kumpata mmoja aliyejua herufi. Tena watu wa Stans hawakumwamini mwalimu huyu, kwa kuwa wao walikuwa Wakatoliki, naye alikuwa Mprotestanti aliyetumwa na serikali waliyoichukia.

Pestalozzi hakuwa na msaidizi, ila mwanamke mmoja wa kutunza nyumba. Hakuwa na vitabu vya kutosha, wala vyombo. Basi akaanza na kitu alichokuwa nacho, nacho ni kuwapo kwake. Alikula pamoja na watoto. Aliwaosha vidonda vyao. Aliomba pamoja nao. Usiku alilala katikati yao. Alikuwa mtu wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Alijua kwamba mtoto mwenye hofu na njaa hawezi kujifunza, hata akifundishwa na mwalimu mwenye elimu nyingi. Kwanza moyo wake utulie, ndipo akili yake ifunguke.

Masomo yalikuwa asubuhi na mapema, kisha jioni. Katikati ya mchana walifanya kazi. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kufundisha watoto themanini peke yake, aligundua msaada mahali ambapo wengine hawakuutafuta. Mtoto aliyejua herufi tatu alimfundisha asiyejua hata moja. Akamweka mtoto mwepesi katikati ya watoto wawili wazito, naye akawakumbatia kwa mikono yake miwili, akawaonyesha yale aliyokwisha kuyajua. Yule mwepesi hakujivuna, na wale wazito hawakuona haya, kwa maana walifundishwa na ndugu yao. Wote watatu wakaendelea pamoja.

Wakati wa masika yake habari zikaja kwamba mji wa Altdorf umeteketea kwa moto, na huko nako wako mayatima. Pestalozzi akawakusanya watoto wake, akawauliza kama wako tayari kuwapokea wengine ishirini. Akawaeleza wazi kwamba wakiwapokea, chakula kitapungua, na kazi itaongezeka, na pengine itawabidi kugawana nguo zao. Watoto wale, ambao miezi michache tu iliyopita walikuwa wakinyang'anyana mkate, wakakubali kwa sauti moja wageni waje.

Lakini mwezi wa Juni mwaka ule ule vita vikakaribia tena. Jeshi likahitaji nyumba ile kuwa hospitali ya askari, na watoto wengi wakatawanywa. Pestalozzi alikuwa amechoka hata akatema damu. Kazi ya Stans ilidumu muda wa miezi mitano tu. Wengi walisema kwamba ameshindwa tena. Yeye alijua kwamba ameona jambo la kweli.

5. Shule ya Burgdorf

Alipopata nafuu kidogo aliomba ruhusa ya kufundisha katika mji wa Burgdorf. Wakamweka katika shule ya watoto wa watu maskini, ambayo mwalimu wake alikuwa mshona viatu. Huyu alifundisha huku akishona, na watoto waliimba maneno ya kitabu cha dini pasipo kuyaelewa. Pestalozzi alipoanza kufundisha kwa njia nyingine, mshona viatu akakasirika, na wazazi wakanung'unika. Walisema kwamba mtu huyu mwenyewe hajui kuandika wala kuhesabu vizuri, awezaje kuwafundisha watoto wao? Kwa habari ya mwandiko wake walisema kweli, naye hakubisha. Akaondolewa, akapelekwa kufundisha watoto wadogo kabisa wa miaka mitano mpaka minane.

Hapo ndipo udhaifu wake wa zamani ulipogeuka kuwa msaada. Mtu aliyejifunza kwa urahisi mara nyingi hawezi kuona mahali ambapo mwingine hujikwaa. Pestalozzi alipajua. Akalivunja kila somo katika vipande vidogo, kama mama avunjavyo mkate kwa ajili ya mtoto asiye na meno. Wala hakuendelea na kipande cha pili mpaka cha kwanza kimekwisha kushikwa na kila mtoto, hata aliye mzito kuliko wote.

Tena aliwaanzisha kwa vitu, si kwa maneno. Katika chumba chao ukuta ulikuwa umefunikwa kwa karatasi kuukuu, yenye matundu na mipasuko. Pestalozzi akawasimamisha watoto mbele yake, wakatazama muda mrefu, wakataja matundu ni mangapi, na umbo lake ni lipi, na yako mahali gani, na rangi yake ni ipi. Hivyo ukuta mbovu ukawa kitabu. Walihesabu kwa mawe madogo na maharagwe kabla ya kuonyeshwa tarakimu. Walichora mistari na pembe na duara juu ya vibao vya mawe kabla ya kuandika herufi, ili mkono uzoee. Alisema kwamba mtoto akikutana na kitu chochote aulize mambo matatu: ni vingapi, kina umbo gani, na jina lake nani.

Baada ya miezi minane, mwezi wa Machi mwaka wa 1800, wakubwa wa shule wa mji wakaja kuwapima watoto. Wakastaajabu. Watoto wadogo, ambao kwa desturi katika umri ule walikuwa bado wakihangaika na herufi, waliweza kusoma, na kuandika, na kuchora, na kuhesabu. Wakubwa wale wakaandika ushuhuda kwamba Pestalozzi ameonyesha nguvu zilizofichika hata ndani ya mtoto mdogo. Wala hawakusema hivyo kwa ajili ya watoto wepesi tu, bali walisifu jinsi kila mmoja alivyoendelea kwa kipawa chake.

6. Ngome ya Yverdon

Tangu siku ile jina la Pestalozzi likaenea. Serikali ikampa nafasi katika ngome ya Burgdorf, na walimu vijana wakaja kumsaidia. Mwaka wa 1801 akatoa kitabu cha kueleza njia yake ya kufundisha. Baadaye, mwaka wa 1805, shule yake ikawa katika ngome ya mji wa Yverdon, kando ya ziwa la Neuchâtel. Humo alikaa miaka ishirini. Wanafunzi wakazidi mia moja na hamsini, wakatoka Ujerumani, na Ufaransa, na Italia, na Urusi, na Uingereza, hata Marekani.

Shuleni kwake hapakuwa na zawadi za kumtukuza mmoja juu ya mwingine. Pestalozzi hakutaka mtoto apimwe kwa mwenziwe. Alitaka kila mtoto apimwe kwa nafsi yake, yaani jana alikuwa wapi na leo amefika wapi. Alifundisha kwamba mtoto ana kichwa, na moyo, na mkono, na vyote vitatu sharti vikue pamoja. Walipojifunza habari za nchi hawakuanza na ramani. Walitembea katika bonde lililo karibu, wakatazama kilima na kijito, wakarudi na udongo wa mfinyanzi, wakaufinyanga mezani mpaka bonde lote likaonekana kwa udogo. Kesho yake wakaenda tena mbele kidogo, wakaongeza. Ramani ya karatasi walionyeshwa baadaye, walipokwisha kuwa na macho ya kuisoma.

Kutoka mahali pale moto ukawashwa penginepo. Mwaka wa 1813 mmoja wa waliojifunza kazi kwake, Johann Konrad Näf, alifungua shule ya watoto viziwi katika mji ule ule wa Yverdon. Mwingine, Friedrich Fröbel, aliyekaa Yverdon toka mwaka wa 1808 mpaka 1810, ndiye aliyeanzisha baadaye shule za watoto wadogo wanaojifunza kwa michezo. Na shule za namna hiyo zimeenea duniani kote.

7. Mwisho wake

Pestalozzi hakuwa mtu asiye na kasoro. Kutunza fedha hakuweza, na kusimamia walimu kulimshinda. Mke wake Anna alikufa mwaka wa 1815, na baada ya hapo walimu wakubwa wa shule wakagombana, naye hakuweza kuwapatanisha. Mwaka wa 1825 shule ya Yverdon ikafungwa. Mzee akarudi Neuhof, mahali alipoanzia kazi yake zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Akafa katika mji wa Brugg tarehe 17 Februari mwaka wa 1827, mwenye umri wa miaka 81. Akazikwa Birr, karibu na shule ya kijiji. Mwaka wa 1846, ulipotimia mwaka wa mia tangu kuzaliwa kwake, watu wa wilaya wakamjengea ukumbusho katika ukuta wa shule, wakaandika juu yake kazi zake za Neuhof, na Stans, na Burgdorf, na Yverdon, na kwamba vyote alivyokuwa navyo aliwapa wengine.

Tangu siku zake elimu imeendelea. Siku hizi yajulikana kwamba wako watoto wenye akili njema ambao herufi huwachanganya, na wengine ambao hesabu huwaponyoka, na wengine ambao mawazo yao hayatulii mahali pamoja ingawa wanajitahidi. Si wavivu, wala si wakaidi. Ubongo wao hufanya kazi kwa namna nyingine. Tena wako wanaoonekana wazito kwa sababu hawaoni vizuri au hawasikii vizuri, au kwa sababu wamekuja shuleni na njaa, au wana msiba nyumbani. Kumpiga mtoto wa namna hii, au kumwita mjinga, ni kumwongezea mzigo. Afaa apewe kazi kwa vipande vidogo, na vitu vya kutazama na kushika, na kurudiarudia pasipo kufokewa, na kupumzika kidogo, na kusifiwa kwa kila hatua anayoipata. Mambo hayo mengi Pestalozzi aliyaona kwa macho yake, kabla wataalamu hawajayachunguza.

Wala kazi hiyo si ya mwalimu peke yake. Huko Stans, katika nyumba ile ya baridi, waliomsaidia Pestalozzi hawakuwa watu wazima wenye elimu. Walikuwa watoto waliojua herufi tatu tu, wakaketi katikati ya wenzao wasiojua hata moja, wakawakumbatia, wakawafundisha. Katika kila darasa yuko mtoto anayechekwa asomapo. Na karibu naye yuko mwingine awezaye kusogea kidogo bengini, akamwonyesha kwa kidole neno linalofuata.